Aliye Nyuma Hugonga Mlango

Wageni waliopita nje ya kliniki ile ya mjini Busia, upande wa barabara iendayo mpakani, mara nyingi walisimama wakidhani kuna mtu anazalishwa ndani.

"Puliza! Puliza, puliza, puliza! Usiache! Bado, bado, toa yote! Haya, vuta!"

Wenyeji walikwisha kuzoea. Walijua ni Anyait, msichana wa kutoka Adungosi, anapima watu pumzi.

Kipimo hicho hakitaki upole. Mgonjwa hubanwa pua, akashika kwa midomo bomba fupi la karatasi ngumu, akavuta hewa mpaka kifua kijae, kisha akaipuliza yote kwa mkupuo kama anayezima nyumba inayoungua. Mashine huchora. Ila binadamu akiachwa mwenyewe huacha kupuliza mapema. Hudhani hewa imekwisha kumbe nyingine ingali chini. Ndiyo maana mpimaji hupaza sauti. Mpimaji akinyamaza, mapafu ya mkimbiaji huonekana kama ya mzee aliyevuta sigara tangu ujana. Anyait alifundishwa hivyo chuoni siku ya kwanza: nusu ya kipimo imo kifuani mwa mgonjwa, nusu imo kooni mwako wewe.

Ijumaa hiyo, saa sita na nusu mchana, aliita jina lililofuata bila kulitazama vizuri. Lilipotoka kinywani ndipo alipolisikia.

"Robinson Mulama."

Aliingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shingo nene kama gogo la kupasulia kuni, amevaa koti la kampuni ya matangi ya mafuta. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa iliyokunjika pembe.

"Mulembe, dada," alisema. Sauti yake ilipitia puani, kama ya mtu mwenye mafua yasiyokwisha.

"Mulembe. Keti hapo. Nini shida?"

"Shida ilikuwa, sasa imekwisha. Nilikuwa mgonjwa wa usingizi. Pumzi inakatika nikilala. Miezi mitatu iliyopita nikapasuliwa koo kule Eldoret. Walitoa mafindofindo yote mawili, wakatoa kilimi, wakapunguza na kaakaa huku nyuma. Dada, wiki mbili nilikuwa nameza mate kama nameza misumari! Sasa kampuni inataka karatasi kwamba pumzi iko sawa. Ofisi ya Malaba inafunga saa kumi na moja. Jumatatu malori yanagawanywa upya. Nikichelewa leo, langu linapewa mtu."

"Na koo lenyewe?"

"Koo liko wazi kama lango la stendi. Shida ni kinywaji tu. Pale Malaba tukikaa kwenye chungu cha ajon, kila mtu na mrija wake, mimi nikivuta pombe inarudi puani. Sasa wananiita Bomba Mbovu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kilichoanzia juu na kuporomoka kama changarawe zinazomwagwa kutoka kwenye tipa. Pua ilikuwa imekibadilisha kidogo, lakini si sana.

Anyait aliinama akajifanya anafuta mashine. Kicheko hicho alikuwa amekisikiliza kwa miaka minane.

*

Madereva wa masafa wana sheria zao ambazo hakuna afisa aliyeziandika. Foleni ya malori ya kuingia Malaba huweza kurudi nyuma kilomita nyingi, ikasimama saa nne, ikasogea hatua ishirini, ikasimama tena. Dereva hulala. Hakuna wa kumlaumu. Mwili si chuma. Lakini foleni ikisogea na lori la mbele likabaki, aliye nyuma hushuka, hukanyaga kidato cha lori lile na kugonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Haulizwi kama anampenda aliyelala. Anagonga tu, kwa kuwa kesho atalala yeye.

Ojakol, babake Anyait, alilala kwenye foleni hiyo adhuhuri moja ya jua la utosi. Nyuma yake alikuwa Mulama. Foleni iliposogea, Mulama alishuka, akakanyaga kidato, akamwona mwenzake kichwa nyuma, kinywa wazi, akikoroma. Mkono wake haukwenda mlangoni, ulikwenda mfukoni. Alitoa simu akamrekodi. Kisha akarudi kwenye lori lake, akakata usukani, akapita pembeni. Waliomfuata nao wakapita. Ojakol alipozinduka jua lilikuwa linaelekea Tororo, magharibi, na malori zaidi ya arobaini yalikuwa mbele yake.

Video ilimtangulia kwa tajiri wake. Tajiri aliitazama mara moja. Alisema dereva anayelala namna hiyo mchana kweupe ni mlevi, akamwambia aache ufunguo mezani. Wakati huo Ojakol hakuwa amewahi kuonja pombe akiwa na ufunguo wa gari mfukoni. Alijaribu kueleza. Alisema usingizi wake haumshibishi, kwamba anaamka kachoka kuliko alivyolala. Walicheka. Kwenye kundi la simu la madereva walimpa jina, Trekta. Jina likavuka barabara likaingia sokoni Adungosi, likaingia hata shuleni, na Anyait, aliyekuwa kidato cha nne, akawa mtoto wa Trekta. Ojakol aliacha kwenda kwenye chungu kwa wenzake. Mrija wake mrefu ulikaa juu ya mlango hadi buibui wakaufanya ngazi.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, baada ya chakula cha mchana, alisinzia kitini barazani. Mama Anyait alikuwa akipeta mtama hatua tano kutoka pale. Alisikia mkoromo ukikatika, akangoja urudi kama kawaida. Akaendelea kupeta. Haukurudi. Watu walisema moyo.

Anyait alijua ukweli mwaka wa pili wa diploma. Mwalimu alisimama mbele ya darasa akaeleza maradhi ambayo koo hulegea usingizini, nyama laini zikaangukiana na kuziba njia, kifua kikahangaika bure bila hewa kuingia, mpaka ubongo umzindue mtu kwa mkoromo mkubwa. Na hivyo tena na tena, mara mia, usiku mzima. Mtu huyo huamka kachoka, alisema mwalimu, na watu humwita mvivu. Anyait alitoka darasani, akaingia chooni, akaweka visikilizio masikioni.

Maana video ile alikuwa nayo. Hakuwa na sauti nyingine ya babake. Ojakol hakuwa mtu wa kujirekodi; kilichobaki cha pumzi yake duniani kilikuwa mzaha wa Mulama. Kwanza mkoromo. Kisha kimya. Siku hiyo chooni alihesabu kimya hicho: sekunde thelathini na moja. Na ndani ya kimya hicho, pale pale babake alipokuwa akinyongwa na koo lake mwenyewe, ndipo kilipokaa kicheko cha Mulama, na maneno yake: "Amekata moto! Huyu amekufa, haki ya Mungu!" Kisha Papa, kama alivyomwita babake, akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo, na Mulama akacheka zaidi.

Angeweza kukikata kicheko kile. Simu zina njia ya kukata. Hakukikata. Kila alipohisi chuki inapoa alikisikiliza, kama mtu anayerudishia kuni jikoni.

*

"Bana pua," alimwambia Mulama. "Vuta hewa yote, shika bomba kwa midomo, kisha puliza."

Mulama alivuta. Na Anyait, ambaye sauti yake ilijulikana hadi kwa wauza mitumba, alisema taratibu kama anayembembeleza mtoto: "Puliza. Haya. Basi."

Mulama alipuliza kidogo akaacha. Mashine ikachora kilima kifupi cha kusikitisha. Tarakimu zilikuwa za mtu asiyefaa kuendesha hata mkokoteni.

"Vipi?" Mulama aliuliza akifuta mate. Macho yake yalikuwa mekundu. "Iko sawa?"

Anyait aliitazama karatasi ikitoka. Hiyo hapo. Lori linakwenda kwa mwingine, na hakuna ambaye angejua, kwa kuwa kunong'ona hakuachi alama. Moyo ulimruka kwa furaha. Kisha akawaza mbele kidogo, kama anayecheza bao. Mulama angekwenda kupimwa kwingine wiki ijayo. Angekutana na mpimaji anayepiga kelele. Angeshinda, na karatasi ya Anyait ingekuwa ya uongo, na yeye mwenyewe angekuwa mwongo, sawa na yule aliyesema Papa ni mlevi. Kisasi alichokuwa amekilea miaka minane hakikustahili ukuta wa matope. Alitaka cha mawe.

Akaikunja karatasi, akaitupa kwenye debe.

"Hiyo haikuhesabika. Hukujitahidi. Tunarudia." Akasimama, akapanua miguu. "Vuta! Zaidi, zaidi, jaza! Sasa PULIZA! Puliza, puliza, puliza! Usiniangalie mimi, toa! Toa! Iko huko chini, itoe! Ulidhani imekwisha? Haijakwisha! Toa, toa, toa! Haya vuta! Vuta kwa nguvu!"

Nje, mwanamke mmoja kwenye benchi alisema, "Ni pacha," na wengine wakaangua kicheko.

Alimpulizisha mara tatu. Kila neno alilitoa kwa chuki iliyokomaa, na chuki, kumbe, ilikuwa mkufunzi mzuri. Mulama alipomaliza alikuwa na jasho hadi kwenye kope.

Matokeo yalikuwa mazuri, na uzuri wake ulimkera. Anyait alitoa kwenye bahasha mchoro wa Eldoret, ule uliofanywa kabla ya upasuaji, akauweka ukutani kando ya huu mpya.

"Tazama. Huku juu ni hewa unayotoa. Huku chini ni unayovuta. Juu, kabla na baada, ni karibu sawa. Mapafu yako hayakuwa na neno tangu mwanzo. Yanabeba kiasi kile kile. Lakini tazama huku chini. Zamani mstari ulikuwa bapa, kama kitu kilichokanyagwa. Ulikuwa unavuta hewa kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Sasa umeviringa. Upasuaji haukugusa mapafu. Uliyafungulia njia."

"Kwa hivyo niko sawa."

"Mapafu yako sawa."

"Ndiyo hiyo wanataka!" Mulama alipiga paja. "Barua yao imesema mapafu. Iandike hivyo hivyo, dada, Mungu akubariki."

Ni kweli, barua ya kampuni iliuliza hilo tu. Mtu fulani ofisini alisikia neno pumzi akafikiria mapafu. Ugonjwa ulikuwa wa koo na wa usingizi. Kipimo walichodai kilikuwa cha kifua, tena cha mtu aliye macho, amekaa wima, anapigiwa kelele sikioni. Hakuna aliyelala akipimwa na Anyait.

"Kaa kwenye benchi," alimwambia. "Ripoti lazima daktari aisaini akikuona. Anatoka saa tisa kamili kwenda Butula, na hapa harudi mpaka Jumatatu adhuhuri."

"Saa tisa ni mbali," Mulama alisema.

*

Benchi la kliniki lilikuwa refu, limeegemea ukuta wa ukumbi, na halikuwa na namba. Aliye karibu na mlango wa Daktari Barasa huingia. Waliobaki husogea kwa makalio. Anayekuja huketi mkiani. Mulama aliketi mkiani nyuma ya watu watano. Alisogea mara moja. Mara ya pili hakusogea.

Anyait alimwona kutoka mlangoni mwake. Kichwa kilikuwa kimelala ukutani, bahasha ya Eldoret imemwangukia miguuni, kinywa wazi. Pengo lilikuwa limefunguka mbele yake kwenye benchi, pana kama nafasi ya lori moja.

Nyuma yake alikuwa ameketi Edinah, mama wa kutoka Funyula mwenye pumu, aliyepimwa baada yake, yule yule aliyetoa mzaha wa pacha. Alitazama pengo, akatazama mlango, akanyoosha mkono amguse Mulama begani.

"Mwache, Mama," Anyait alisema.

"Lakini zamu yake inapita."

"Mpite tu. Amechoka, ni mtu wa safari. Nitamwamsha mimi."

"Haya, kama wewe ndiwe mwenye mgonjwa." Mama Edinah alikusanya leso yake, akamzunguka, akaketi mbele yake. "Lakini tazama anavyolala! Mwanamume mkubwa hivi na hakoromi hata kidogo. Wangu mimi akilala, kuku wanahama."

Watu wakacheka. Waliokuja baadaye nao wakamzunguka, mmoja baada ya mwingine. Benchi likasogea. Mulama akabaki pale pale, na Anyait akaonja kila anayepita kama mtu anayelamba asali kwenye kisu.

Lakini neno la Mama Edinah lilikuwa limemchoma mahali. *Hakoromi hata kidogo.*

Alikuja akasimama karibu. Ni kweli, hapakuwa na mkoromo. Visu vya Eldoret vilikuwa vimeondoa nyama zilizokuwa zikipiga kelele. Lakini Anyait hakusikiliza kelele, alitazama tumbo. Tumbo la Mulama lilipanda, likashuka, likapanda, kama la mtu anayesukuma mlango uliokomewa. Akaweka kiganja mbele ya kinywa chake. Hapakuwa na hewa. Akaanza kuhesabu. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na saba. Kisha mabega yakastuka kidogo, hewa ikaingia polepole kama mwizi, na Mulama akaendelea kulala.

Kelele ilikuwa imeondoka. Ugonjwa ulikuwa umebaki nyumbani.

Anyait alileta kidude cha kubana kidoleni kinachosoma kiasi cha hewa kwenye damu, akaketi kando yake. Alimvalisha kwa wepesi ambao hata mama mzazi wa Mulama asingeushinda. Tisini na sita. Tumbo likaanza tena kuhangaika, kiganja kikakosa hewa, tarakimu zikaanza kushuka. Tisini na mbili. Themanini na nane. Themanini na nne. Alikuwa na kalamu na karatasi juu ya goti, na aliandika saa na sekunde, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa furaha chafu; aliijua, wala hakuikemea. Hivi ndivyo, alijisemea. Hivi ndivyo Papa alivyokuwa. Na wewe ulisimama juu ya kidato ukacheka.

Kimya cha nne kilikuwa kirefu. Thelathini na moja ikafika, ikapita. Thelathini na tatu. Midomo ya Mulama iligeuka rangi. Thelathini na sita. Mkono wa Anyait uliinuka wenyewe kutoka gotini, kidole kimekunjwa. Thelathini na nane. Mabega yakastuka, hewa ikaingia. Mkono ukarudi chini.

Katika dakika ishirini alihesabu saba.

Saa tisa kasoro dakika tano, mgonjwa wa mwisho alitoka. Daktari Barasa alitokea na mkoba wake, funguo za gari mkononi. Anyait alimpa ripoti. Chini ya mchoro, mahali pa maoni ya mpimaji, aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni:

*Mapafu ni salama. Njia ya koo imefunguka akiwa macho. Akiwa amelala ameketi, pumzi imekatika mara saba kwa dakika ishirini, kimya kirefu sekunde 38, bila kukoroma. Kipimo hiki hakijibu swali la usingizi. Asiendeshe gari kabla ya kipimo cha usingizi.*

Daktari alisoma. Akaenda kwenye benchi, akainama, akatazama mwenyewe tumbo lile likihangaika hadi kimya kimoja kikaisha. Akaweka karatasi ukutani, akatia saini na muhuri.

"Umeandika vizuri," alisema. "Tangi lililojaa petroli kwenye foleni na mtu huyu ndani! Umeokoa watu." Kisha akatazama benchi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, akatazama saa. "Amelala muda gani?"

"Tangu saa saba na nusu."

"Kuandika saba ulihitaji dakika ishirini, Anyait, si saa nzima na zaidi."

Anyait alichukua ripoti yake. Daktari alitikisa kichwa, akaondoka.

*

Gari la daktari lilipopotea barabarani, Anyait alikwenda kwenye benchi. Alikunja kidole, akagonga ubao kando ya sikio la Mulama. Ko, ko, ko.

Mulama aliruka. Mkono wa kulia ulishika usukani usiokuwapo, mguu ukakanyaga sakafu.

"Nimeamka, nimeamka! Foleni imesonga?"

"Imekupita, Mzee."

Alitazama huku na huku. Aliona benchi tupu, mlango wa daktari umefungwa, saa ya ukutani. Rangi ilimtoka.

"Daktari?"

"Ameenda Butula."

"Dada! Si nilikuwa mbele ya yule mama wa leso? Na watu wote wale wamepita? Wewe ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Uliniona nimelala?"

"Nilikuona."

"Na hukuniamsha! Kwa nini hukuniamsha?" Sauti yake ya puani ilipanda ikapasuka. "Binadamu gani anamwona mwenzake amelala, foleni inampita, anamwangalia tu?"

Anyait alitoa simu. Hakuhitaji kutafuta; video ilikuwa mahali pake pa siku zote. Akaibonyeza, akaiweka kwenye goti la Mulama.

Mkoromo ulijaa ukumbini. Kisha kimya. Kisha kicheko, chote, kutoka juu hadi kwenye changarawe. *Amekata moto! Huyu amekufa, haki ya Mungu!*

Mulama hakucheka. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama mtu anayesomewa barua asiyoitarajia. Mwishoni alinyoosha kidole kuelekea simu bila kuigusa.

"Huyo ni mimi."

"Na anayekoroma?"

Alifikiria. Kwa muda Anyait aliogopa kwamba hatakumbuka, na hilo lingekuwa baya kuliko yote.

"Trekta," alisema hatimaye. "Yule Mteso wa Adungosi. O... Ojakol."

"Ni baba yangu. Alikufa akilala kitini, mchana kama huu. Pumzi ilikatika haikurudi. Ugonjwa ni huo wako. Hakuna aliyempeleka Eldoret, kwa sababu video yako ilikwisha kumweleza kila mtu ugonjwa wake: ulevi."

"Sikujua kwamba ni ugonjwa, dada. Naapa. Nani alijua mambo haya? Mimi mwenyewe nimejua juzi."

"Ugonjwa hukuujua. Sheria ya foleni uliijua."

Mulama alisogeza bahasha kwa ncha ya kiatu.

"Niliona malori ya mbele yanakwenda," alisema chini. "Nilikuwa na haraka. Na alikuwa anachekesha."

"Na mimi leo nilikuwa na nafasi. Na ulikuwa unachekesha." Akamwekea ripoti juu ya goti, pale simu ilipokuwa. "Soma."

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye sekunde thelathini na nane alirudia. Alipofika kwenye neno *asiendeshe* alishusha karatasi.

"Umenimaliza."

"Hakuna neno la uongo hapo. Nilitafuta nafasi ya kuweka moja, nikaona halihitajiki."

"Hizi thelathini na nane. Ulikuwa hapa ukihesabu?"

"Ndiyo."

"Ungeniacha hadi ngapi?"

Anyait aliutazama mkono wake, kidole kilichokuwa kimekunjika chenyewe. Hakumwambia habari za mkono huo. Hiyo ilikuwa siri yake na kidole.

"Hutajua," alisema.

Mulama aliokota bahasha, akaingiza ripoti ndani taratibu, akasimama. Mlangoni aligeuka.

"Hiyo video. Tafadhali, dada, ifute."

"Siwezi. Ndiyo pumzi pekee ya baba yangu niliyo nayo, na wewe umo katikati yake. Nikifa, wanangu watairithi. Watauliza anayecheka ni nani. Nitakuwa nimewaandikia jina."

Mulama alitoka. Nje, mwenye bodaboda alikuwa tayari anampungia mkono. "Boss! Malaba? Twende!" Mulama alipanda nyuma kwa uzito, bahasha kifuani, na pikipiki haijawashwa vizuri kichwa chake kikaanza kuning'inia.

Anyait alitoka hadi barazani. Alivuta hewa, akaijaza, na sauti ile ile iliyosimamisha wapita njia ikamtoka.

"Wewe wa boda! Huyo mtu ana usingizi mbaya. Mwongeleshe njia nzima. Akinyamaza, simama umpige kofi. Umesikia? Na wewe Mulama, rudi Eldoret ukapimwe usingizi. Ukipona, njoo tena hapa. Sijamaliza kukuchukia."

Pikipiki iliondoka. Aliwatazama hadi kwenye kona, na mara mbili aliona kofia ya mwenye boda ikigeuka nyuma. Kisha akarudi ndani, akachukua kitambaa, akapangusa mabomba ya mashine, na kabla ya kufunga mlango akaisikiliza video mara moja, yote, na kicheko chake.